Rezo (mtandao) nzito jioni: namna ya kupima msongamano wa data ya simu Lubumbashi

Ikifika saa 18 ya siku ya kazi (hapa saa zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, saa 18 ni jioni), malalamiko huwa yale yale, uwe kwenye komini za Kenya, Katuba, Kampemba au karibu na kampasi ya chuo kikuu ya Kasapa: vijiti vya mnara vimejaa, 4G imeandikwa, mega za data zipo, lakini ukurasa haufunguki. Wengine huzima simu na kuiwasha tena. Wengine hununua mega nyingine wakidhani zile za kwanza zimeisha. Fundi anaitwa, anabadilisha ruta, analipwa, na kesho yake jioni hali ni ile ile.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia intaneti ya watu kadhaa kwa laini ya simu: sekretariati inayotuma dosye (nyaraka) za wanafunzi, zahanati, shule, ofisi ndogo inayofuatilia malori ya mpaka wa Kasumbalesa. Swali ni moja: je, ni msongamano wa mtandao au ni kitu kingine? Na kama ni msongamano, umekaa wapi? Unaweza kuwa kwenye seli ya redio inayokuhudumia (sehemu ya mnara ambayo simu yako imeunganishwa nayo), kwenye njia inayotoa data mnarani kuipeleka kituo kikuu, au mbali zaidi, kwenye viungo vya nje ya mji. Kila mahali pana dawa yake, na anayekosea mahali hutupa fedha.

Niseme mapema ninachokisimamia: kupima kasi mara moja na kupiga picha ya matokeo hakuthibitishi msongamano. Msongamano ni jambo la saa. Unaonekana pale tu unapoweka vipimo vya usiku wa manane kando ya vipimo vya jioni, siku baada ya siku, kutoka mahali pale pale na kwa kifaa kile kile. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuweka kumbukumbu, na habari njema ni kwamba kumbukumbu hiyo hugharimu mega chache sana.

Unahitaji modemu au ruta ya 4G inayoonyesha namba za redio, na kompyuta yenye Linux, au ruta yenye mfumo wa OpenWrt, au simu ya Android yenye programu ya Termux. Kifaa kikae mahali pamoja bila kusogezwa wiki nzima. Na umeme uwe na akiba ya betri, la sivyo kila SNEL, kampuni ya umeme, inapokata, kumbukumbu yako itakuwa na shimo, mara nyingi kwenye saa zile zile unazozihitaji.

Hatua ya 1: Soma namba za redio

Vijiti havitoshi. Kila kiwanda huvichora kwa kanuni zake, na vinaonyesha nguvu ya ishara tu, havisemi lolote juu ya idadi ya watu mnaoigawana. Ukiwa karibu na bomba la mtaa maji yanatoka kwa nguvu, lakini kama kuna madumu hamsini mbele yako, ukaribu huo haukusaidii.

Kwenye ruta nyingi za Huawei, fungua 192.168.8.1 kisha tafuta ukurasa wa taarifa za kifaa. Kwenye Android nyingi, piga *#*#4636#*#*. Kwenye iPhone, *3001#12345#*. Andika namba tatu.

RSRP ni nguvu ya ishara ya mnara wako. Ikiwa -80 dBm au juu ya hapo ni nzuri sana, ikikaribia -100 inaanza kudhoofika, na ikishuka chini ya -110 usiendelee kutafuta msongamano kabla hujashughulikia antene.

RSRQ ndiyo inayotufaa zaidi, na watu wengi huipita. Hii hulinganisha ishara ya mnara wako na nishati yote ambayo modemu inaipokea kwenye masafa hayo. Seli ikiwa tupu, nishati nyingine ni kidogo na RSRQ inakuwa juu. Seli ikijaa data za watu, nishati ya jumla inapanda na RSRQ inashuka, ingawa mnara haujasogea na wewe hujasogea. Basi kama RSRP yako ni -84 usiku na -84 jioni, lakini RSRQ imetoka -7 usiku ikafika -13 jioni, umepata dalili ya kwanza ya maana: ama seli yako imejaa, ama seli jirani zimejaa na kelele zao zinakufikia. Isome wakati wewe mwenyewe hupakui kitu, kwa sababu data yako nayo huishusha.

SINR huonyesha usafi wa ishara. Iandike tu, itakusaidia kwenye kulinganisha.

Chukua pia namba ya seli. Kwenye 4G huwa ni namba ndefu. Igawanye kwa 256. Sehemu kamili ni namba ya kituo, baki ni namba ya sekta, yaani upande mmoja wa kituo hicho. Mfano: 10,271,490 ukigawanya kwa 256 unapata 40,123 na baki 2, yaani kituo 40123, sekta ya 2. Iandike kila unaposoma namba za redio. Umeme ukikatika na kituo cha jirani kikazimika, simu za mtaa ule huhamia kwenye kituo chako, na ghafla mko wengi. Au kituo chako ndicho kimezimika na modemu imeshika cha mbali. Kwa mtu aliyeketi sekretariati, hali hizo mbili huhisiwa sawasawa. Namba ya seli na RSRP huzitenganisha papo hapo: ya kwanza namba haibadiliki, ya pili inabadilika na RSRP inaanguka.

Hatua ya 2: Ondoa foleni yako mwenyewe

Nilikuwa kwenye sekretariati moja karibu na Kasapa mama mmoja alipoleta dosye ya mwanaye itumwe kama PDF. Mstari wa kupakia ulifika nusu ukasimama.

«Papa, rezo iko inakatala?»

«Mama, mungoje kidogo, iko inapanda pole pole.»

Ruta ilionyesha RSRP -84, nzuri kabisa. Kijana wa pale akaanzisha ping, amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima muda wa kwenda na kurudi, kwenda nje: milisekunde 2,400. Kila mtu akasema mtandao umejaa. Kisha tukachomoa vifaa vya Wi-Fi kimoja kimoja. Ilipotolewa simu moja iliyokuwa kwenye chaja pembeni, ping ikashuka hadi milisekunde 70. Simu ile ilikuwa inapandisha picha na video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, yenyewe, kwa sababu ilikuwa imeona Wi-Fi.

Mambo haya hutokea sana kwa sababu njia ya kupandisha data kwenye 4G ni nyembamba kuliko ya kushusha, na modemu ina ghala kubwa la kuhifadhi pakiti (vipande vidogo vya data) zinazosubiri zamu. Ghala likijaa, kila pakiti mpya, hata ile ndogo ya kufungua ukurasa, inasubiri nyuma ya video nzima. Hakuna pakiti iliyopotea, hakuna hitilafu iliyoandikwa popote, ila kila kitu kimesimama.

Kwa hiyo, kabla ya kusema mtandao umejaa, hesabu data inayopita kwenye laini yako. Kwenye Linux kaunta ziko tayari: rx_bytes ni baiti zilizoingia, tx_bytes zilizotoka. Chukua tofauti ya visomo viwili, zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde zilizopita. Baiti 22,500,000 ndani ya sekunde 300 ni biti 600,000 kwa sekunde, yaani Mbps 0.6. Ukitaka kujua kifaa gani kinakula, programu ya iftop kwenye ruta itakuonyesha anwani kwa anwani.

Neno moja kwa wanaosimamia laini ya watu wengine: hesabu baiti na pakiti, usifungue yaliyomo. Kwa kazi hii huhitaji kujua nani amesoma nini, na wateja wako wana haki ya kuambiwa kwamba laini inapimwa.

Pima pia Wi-Fi peke yake. Piga ping kwenda ruta yako, 192.168.8.1. Ikiwa inarudisha milisekunde 2 hadi 5, Wi-Fi ni salama. Ikiwa inaruka hadi 200, tatizo liko ndani ya chumba chako. Bora zaidi, kompyuta ya kupimia iunganishwe na ruta kwa waya.

Hatua ya 3: Weka kipimo kinachoendelea usiku na mchana

Tafuta kwanza anwani ya lango la kampuni yako ya simu, yaani mlango ambako data yako inatoka kwenye mtandao wake. Andika traceroute -n 1.1.1.1, amri inayoorodhesha hatua za njia hadi seva hiyo ya nje, na uangalie mistari. Wa kwanza ni ruta yako. Unaofuata na kujibu ndio mlango wa kwanza wa kampuni unaoweza kuuona. Elewa jambo hili vizuri: kati ya modemu yako na mlango huo kuna redio, mnara, viungo vya kutoka mnarani, na pengine safari ndefu, kwa sababu data yako inabebwa ndani ya bomba lililofungwa hadi inapofika langoni. Traceroute haioni chochote ndani ya bomba hilo. Lango linaweza kuwa hapa mjini, linaweza kuwa Kinshasa. Kioo cha faiba hupitisha mwanga kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na waya haufuati mstari ulionyooka.

Kisha andika amri hizi kwenye faili na uziache zikimbie. Badilisha LANGO kwa anwani uliyoipata, na wwan0 kwa jina la modemu yako (amri ya ip link italionyesha):

while true; do
echo $(date '+%F %H:%M') $(cat /sys/class/net/wwan0/statistics/rx_bytes /sys/class/net/wwan0/statistics/tx_bytes) $(ping -c 10 -q LANGO | tail -2) $(ping -c 10 -q 1.1.1.1 | tail -2) >> rezo.txt
sleep 280
done

Kila dakika tano hivi utapata mstari mmoja: saa, baiti zilizoingia na kutoka, pakiti zilizopotea, na muda mdogo, wa wastani na mkubwa wa kwenda na kurudi, kwa lango na kwa nje. Kwenye simu yenye Termux, kaunta za baiti mara nyingi zimefungwa. Toa sehemu hiyo na uhakikishe hakuna kingine kinachotumia simu.

Gharama yake? Kila ping ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi. Ping 20 kila dakika tano ni baiti 967,680 kwa siku, chini ya mega moja. Linganisha na kipimo cha kasi: laini ya Mbps 20 ikipimwa sekunde 10 hula mega 25 kwa upande wa kushusha peke yake. Ndiyo maana nasisitiza ping iwe kazi ya kila dakika tano na kipimo cha kasi kiwe nadra.

Ping ya kwanza katika kila kumi huchelewa hata usiku, kwa kuwa modemu isiyo na kazi huwa imelala na lazima iombe nafasi upya kwa mnara. Kwa hiyo usitishwe na namba ya juu kabisa ikiwa peke yake. Angalia ndogo na ya wastani.

Wacha ikimbie siku saba au zaidi, Jumapili ikiwemo. Hakikisha saa ya kompyuta ni ya Lubumbashi, ambayo iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Siku utakapotuma jedwali lako kwa mtu wa kiufundi aliyeko Kinshasa, saa 20 yako ni saa 19 yake, na msipoelewana hapo atatafuta kwenye grafu saa ambayo hakukuwa na shida.

Hatua ya 4: Pima laini ikiwa na kazi

Ping ya laini iliyotulia haitoshi kwenye 4G. Mnara humpa kila mteja foleni yake na kugawa nafasi za hewani kwa zamu, milisekunde kwa milisekunde. Masafa ya upana wa MHz 10 yana vipande 50 vya kugawana, ya MHz 20 yana 100, na kwa antene mbili za kawaida kikomo cha sekta nzima ni kama Mbps 75 kwa ya kwanza na 150 kwa ya pili, tena ukiwa karibu na hali ni nzuri. Hiyo inagawanywa kwa wote waliomo. Seli ikijaa, ping yako ndogo isiyo na kitu mbele yake bado hupenya upesi kiasi, lakini faili lako kubwa linapewa vipande vichache na linakokota. Mtu anayepima ping tupu tu anaweza kuapa mtandao ni mzima huku wateja wake wanateseka.

Kwa hiyo mara tatu kwa siku, tuseme saa 5, saa 13 na saa 20, shusha faili moja la ukubwa unaojulikana, mega 5 au 10, kutoka seva ile ile, huku ping ikiendelea kwenye dirisha la pili. Andika muda uliotumika na ping ilifika wapi. Mega 5 zikishuka kwa sekunde 4 ni Mbps 10. Zikichukua sekunde 80 ni Mbps 0.5.

Ukiwa na ujuzi zaidi, rekodi safari ya faili hilo kwa tcpdump na uifungue kwenye Wireshark. Kichujio tcp.analysis.retransmission kitakuonyesha pakiti zilizotumwa upya, na tcp.analysis.initial_rtt muda wa salamu ya kwanza kati ya kompyuta na seva. Usishangae ukiona pakiti chache zilizorudiwa ingawa kasi ni mbaya. Redio ya 4G hurudia yenyewe pakiti zinazoharibika hewani kabla TCP (kanuni inayosimamia utumaji wa data kwenye intaneti) haijajua, kwa hiyo kwenye simu msongamano huja kwanza kama ucheleweshaji, na upotevu hufuata ghala zinapofurika. TCP ilifundishwa kupunguza mwendo inapoona pakiti zimepotea, kazi aliyoiandika Van Jacobson mwaka 1988 baada ya intaneti kukwama vibaya mwaka 1986. Pale ghala kubwa linapoficha upotevu, TCP inaendelea kusukuma na foleni inaendelea kurefuka.

Hatua ya 5: Soma sura ya kumbukumbu

Panga mistari yako kwa saa ya siku. Kwa kila saa chukua thamani ya katikati ya siku zote. Usichukue wastani wa jumla, maana jioni moja ya balaa inaweza kuchafua wiki nzima. Kisha tafuta muda mdogo kabisa wa usiku, kati ya saa 2 na saa 5. Huo ndio urefu halisi wa njia yako. Kila milisekunde inayozidi hapo ni kusubiri mahali fulani.

Sura ya msongamano ni wimbi. Linaanza kupanda alasiri, linafika kileleni jioni, linashuka usiku, na linarudi kesho saa zile zile. Jumapili hubadilika umbo. Ukiona wimbi hilo kwenye ping na kasi, huku kaunta zako zinaonyesha wewe mwenyewe hukutumia kitu, umeshathibitisha.

Sura ya kifurushi kilichofika kikomo ni tofauti kabisa: mstari ulionyooka. Baadhi ya vifurushi hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani, na kasi inabaki pale pale saa 20 na saa 3 kabla ya alfajiri. Hakuna msongamano unaolala sawa na kuamka sawa. Ukiona mstari wa rula, soma masharti ya kifurushi, au weka laini nyingine ya kampuni hiyo hiyo kwenye modemu hiyo hiyo na upime tena.

Sura ya hitilafu ya umeme au kifaa ni ngazi: hali nzuri, kisha ghafla mbaya ndani ya dakika moja, namba ya seli imebadilika, kisha ghafla nzuri tena. Na sura ya antene mbovu au waya uliolegea haina saa kabisa.

Siku za kipekee ziweke kando. Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, kila familia iko mtandaoni kwa pamoja. TP Mazembe ikicheza nyumbani, seli za Kamalondo zinabeba uwanja mzima. Huo ni msongamano wa kweli, lakini hauwezi kukuambia kama mtaa wako una upungufu wa kudumu.

Hatua ya 6: Tafuta foleni iko wapi

Hapa ndipo kumbukumbu inalipa, kwa hiyo nenda taratibu.

Linganisha kwanza lango na nje. Kama jioni ping ya lango inabaki karibu na ile ya usiku lakini ya 1.1.1.1 imepanda, foleni iko baada ya lango: kwenye viungo vinavyotoka mjini kuelekea Zambia kupitia Kasumbalesa, au kuelekea magharibi hadi kebo ya bahari ya WACS pale Muanda, au kwenye makutano ya kampuni na kampuni. Ukitumia programu ya mtr kuangalia hatua za kati, kumbuka ruta nyingi hujibu ping kwa uvivu zikiwa na kazi. Upotevu unaoonekana kwenye hatua moja lakini haupo kwenye zinazofuata, uache.

Kama ping ya lango yenyewe imepanda jioni, foleni iko kati yako na lango. Bado kuna sehemu mbili za kutenganisha, redio na njia ya mnara, na hapa wengi hukata tamaa bila sababu.

Redio ikiwa ndiyo imejaa, RSRQ inashuka jioni, ping tupu inapanda kidogo na kuyumba, kasi inaanguka sana, na ping wakati wa kushusha faili inapaa. Upotevu wa pakiti huwa mdogo. Na ukihamia sekta nyingine au bendi nyingine, hali inaweza kubadilika mara moja.

Njia ya mnara ikiwa ndiyo imejaa, foleni ni ya wote kwa pamoja, hakuna foleni ya mteja mmoja mmoja. Ping yako tupu inasimama nyuma ya video za mtaa mzima: inapanda sana hata usipofanya kitu, na pakiti zinapotea. RSRQ inaweza kuwa nzuri, kwa sababu hewani data haijai, imekwama nyuma. Na dalili iliyo kubwa kuliko zote: sekta zote za kituo kile zinaugua pamoja, pengine na vituo vingine vinavyopitia humo. Mwombe mwenzako wa mtaa wa pili, mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo, aendeshe kipimo kile kile. Mawimbi yenu yakipanda na kushuka kwa dakika zile zile ingawa namba za vituo ni tofauti, mnashiriki njia moja iliyojaa.

Mvua nayo inaingia hapa. Minara mingi hutoa data kwa redio za mikrowevu kutoka mnara hadi mnara. Mvua kubwa ikipiga, redio hizo hushuka zenyewe kwenye namna ya kutuma iliyo salama zaidi lakini yenye uwezo mdogo: kutoka biti 8 kwa kila alama hadi 2, uwezo unabaki robo. Watu hawajaongezeka, njia ndiyo imepungua. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi ongeza safu moja kwenye jedwali lako: mvua ipo au haipo.

Hatua ya 7: Ukiwa upande wa ndani

Kama unafanya kazi kwa mtoa huduma mdogo, au unasimamia mtandao wa chuo, una macho zaidi. Anza na kaunta za viungo kupitia SNMP (kanuni ya kusoma taarifa za vifaa vya mtandao), na utumie zile za biti 64. Kaunta ya biti 32 hujaa na kurudi sifuri kila baiti bilioni 4.29, kwenye kiungo cha Gbps 1 kilichojaa ni kila sekunde 34, na grafu yako itakuwa ya uongo bila kukuambia.

Tafuta grafu yenye kichwa bapa. Kiungo chenye nafasi huchora vilima na mabonde. Kiungo kilichojaa hupanda, kinagonga dari, kinabaki sawa kwa saa kadhaa, kisha kinashuka. Dari hiyo ikiwa chini ya uwezo ulioandikwa kwenye mkataba, umepata swali zuri la kuuliza. Usidanganywe na wastani wa dakika tano: kiungo kinachoonyesha asilimia 60 kinaweza kuwa kilijaa sekunde nyingi ndani ya dakika hizo, kwa hiyo soma pia kaunta ya pakiti zilizotupwa, ifOutDiscards.

Kwenye seli, kipimo ni asilimia ya vipande vya redio vinavyotumika saa ya kilele. Wahandisi wengi huanza kupanga upanuzi inapovuka 70 au 80 kwa kudumu. Kisome pamoja na kasi anayopata mteja mmoja, maana seli inaweza kutumia vipande vyote kwa sababu ya mtu mmoja anayeshusha faili na hakuna anayeumia.

Hatua ya 8: Peleka ushahidi, na punguza maumivu

Ujumbe wa «rezo ni mbaya» huzaa jibu la «zima simu na uwashe». Peleka ukurasa mmoja: namba ya kituo na sekta, mtaa, RSRP na RSRQ za usiku na za jioni, jedwali la ping na kasi kwa saa, tarehe za mwanzo na mwisho, na sentensi moja ya hitimisho lako. Taja kwamba ulipima ukiwa na waya na laini ikiwa haina kazi nyingine. Ukikaa bila jibu, nakala ile ile unaweza kuipeleka kwa ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Majirani watatu wenye majedwali yanayofanana wana uzito kuliko mmoja.

Wakati unasubiri, kuna ya kufanya. Kazi nzito kama nakala za akiba na masasisho zipangwe kati ya saa 2 na saa 5. Kama foleni iko kwenye redio, jaribu bendi nyingine ikiwa modemu inaruhusu, au antene ya kuelekeza upande wa kituo kingine, hata kama kiko mbali kidogo: ishara ya -95 kwenye seli tupu hushinda ya -80 kwenye seli iliyojaa. Kama foleni iko kwenye njia ya mnara, antene haitakusaidia ukibaki kwenye kituo kile kile, wala bendi haitakusaidia. Laini ya kampuni nyingine ndiyo dawa, baada ya kuipima wiki nzima vivyo hivyo kabla ya kulipia mwezi. Na kwenye ruta ya OpenWrt, washa usimamizi wa foleni na uweke kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kasi mbaya ya jioni, ili simu moja yenye video za harusi isisimamishe dosye za wengine.

Kampuni ikikuambia imeongeza uwezo, usizime kipimo. Kiache wiki nyingine, kisha weka saa 20 mpya kando ya saa 20 ya zamani. Kazi imefanyika ikiwa ping ya lango jioni imesogea karibu na ile ya saa 3 kabla ya alfajiri, na mega 5 zako zinashuka kwa sekunde chache wakati mtaa wote uko mtandaoni. Kama ping ya lango imepona lakini ya nje bado inapanda, wamefungua sehemu moja na foleni imehamia sehemu inayofuata. Rudi hatua ya 6 na uwaandikie tena ukiwa na jedwali jipya.